Yuko Hewani, Hapatikani

Mkoba ulikuwa bado hewani.

Najua, msomaji wangu. Wiki nzima nimekuacha unautazama, na wengine mmeniandikia barua za kunisuta. Mniwie radhi, sasa naushusha.

Ulikuwa mkoba mkubwa wa ngozi, ndani yake mna mihuri mitatu ya ofisi, na ulikuwa unakuja moja kwa moja kwenye kichwa cha Msusi. Aliyeushika ni Karani wa masjala ya ardhi, dada mkubwa wa Fundi Lifti, mwanamke ambaye hata kwa furaha huongea kama anagombana.

Msusi akainama. Mkoba ukaikosa shingo yake, ukaigonga chupa ya shampuu, chupa ikapasuka, na povu likatapakaa saluni nzima.

"Umemfanya nini mdogo wangu?" Karani alifoka.

"Mimi? Yeye ndiye kanifanya!"

"Jamani, kichwa changu!" Huyo alikuwa Mwalimu, mteja aliyekuwa kwenye kiti. Nusu ya nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri, nusu nyingine imesimama wima, na Msusi alikuwa bado ameshika msuko mmoja. Kila alipokwepa, Mwalimu alikwenda naye.

"Achia msuko kwanza ndipo mpigane," alisema Shangazi, mwenye saluni na shangazi wa damu wa Msusi, akitafuta kitambaa cha kufutia povu.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki jana lilitandikwa kabatini kabla hajalisoma, mambo yalikuwa hivi. Fundi Lifti anampenda Msusi, na Msusi anampenda Fundi. Hapo hakuna ubishi. Tatizo la Fundi ni moja. Mtu huyu huning'inia kwenye waya ghorofa ya kumi na mbili bila kutetemeka, lakini neno "hapana" linamtia homa. Kwa hiyo alipomwomba Msusi waoane, alijiwekea kinga.

"Alhamisi saa kumi nitakupigia," alimwambia. "Kama ni ndiyo, pokea. Kama ni hapana, usipokee, nitaelewa mwenyewe. Ila usiniandikie. Jambo kubwa namna hii nataka nilisikie kwa masikio yangu."

Alhamisi ikafika. Msusi akakaa na simu yake tangu saa nane. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita, simu kimya kabisa. Leo ilikuwa Jumamosi, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Kasema atapiga, hakupiga," Msusi alisema sasa, sauti ikimkatika. "Ndicho kanifanya."

Karani akashusha mkoba. "Hakupiga? Kapiga mara kumi na tisa! Mimi nilikuwa nimekaa naye sebuleni nikihesabu! Kila akipiga, 'mteja unayempigia hapatikani'. Na huku anakuona uko hewani, kidoa cha kijani kinawaka kama taa ya barabarani! Mtu yuko hewani halafu hapatikani, maana yake nini? Umemfungia namba!"

"Sijamfungia mtu mimi!"

"Umemfungia, na sasa anaondoka! Leo saa tisa anatia sahihi mkataba wa miaka miwili, kwenda kufunga lifti huko mwisho wa reli. Hataki hata kupita mtaa huu tena."

Msusi akaachia msuko. Miaka miwili! Akakaa juu ya povu bila kuliona.

"Pigeni," alisema Mwalimu.

Wote wakamgeukia.

"Mimi nafundisha fizikia. Kelele hazithibitishi kitu. Karani, mpigie sasa hivi, simu zote mbili zikiwa mbele yangu."

Karani akapiga, akaweka sauti kubwa. Simu ya Msusi ilikuwa imening'inizwa pembeni ya kioo, imewaka, vijiti vya mtandao vimejaa vyote vinne. Wakasubiri.

"Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa," ilisema ile sauti ya dada asiyechoka.

"Mmeona?" Karani aliruka. "Katufungia ukoo mzima!"

"Lakini simu ile pale! Inaonekana kwa macho!" Msusi alilia.

Mwalimu akainama mbele kwenye kiti. Alikuwa anaitazama ile simu kwenye kioo. Ndani yake mwanamke asiyejulikana alikuwa anasuka mwanamke mwingine asiyejulikana, taratibu, hatua kwa hatua.

"Hiyo video inachezwa tangu saa ngapi?"

"Tangu Jumatano," Shangazi alijibu kwa fahari. "Wazo langu hilo. Mchana inaonyesha wateja mitindo, usiku inapakua ya kesho. Wateja wameongezeka."

"Data haizimwi?"

"Izimwe ya nini? Na huyu binti naye usiku hataki izimwe, anamchungulia mwenzake kama yuko hewani."

Msusi akainamisha kichwa. Kweli alikuwa anachungulia. Kila usiku aliona Fundi yuko hewani, akajisemea kumbe ana muda wa kuzurura mtandaoni ila muda wa kunipigia hana. Hakujua kwamba Fundi naye, upande wa pili wa mji, alikuwa amekodolea macho kidoa chake yeye.

"Saluni hii haina waifai?" Mwalimu aliuliza.

"Wifi si ndiye huyu kaja na mkoba!" alisema Shangazi.

Hata Karani alitaka kucheka, akajizuia.

Mwalimu akanyoosha mkono, akaizima data. Mwanamke wa kwenye video akaganda, kitana kikiwa juu. "Piga tena."

Karani akapiga. Sekunde moja. Mbili.

Simu ikaita!

Ikaita kwa sauti ya juu hadi chupa zikatetemeka rafuni. Msusi akapiga yowe, Karani akapiga yowe, na Shangazi akapiga yowe kwa kuwafuatisha.

"Simu za namna hii zina mlango mmoja," Mwalimu alieleza. "Intaneti ikisimama mlangoni, mwingine hapiti. Simu haiingii, meseji haiingii, na anayepiga anaambiwa hupatikani."

"Ina maana," Msusi alisema polepole, "kadiri nilivyomsubiri ndivyo nilivyomfungia?"

"Ndiyo hivyo."

Kabla hajapata nafasi ya kulia, simu ikalia yenyewe. Tii! Meseji. Tii! Tii! Tii! Zikaanza kumiminika, meseji za siku tatu, ya mwisho ikitangulia na ya kwanza ikifuatia. Msusi akazisoma kwa sauti.

"'Nakutakia maisha mema.'"

"Maskini," alisema Mwalimu.

"'Jana nilipita nje ya saluni. Nimekuona unacheka na simu. Nimefurahi kwamba una furaha.'" Msusi akamgeukia Shangazi. "Nilikuwa nalia mimi! Wewe ndiye ulinionyesha yule mbuzi aliyeingia benki!"

"Nilitaka kukuchangamsha."

"Na niliposema nimpigie mimi, nani aliniambia mwanamume asiyepiga siku aliyosema, hapigi tena?"

Shangazi akaanza kufuta povu kwa bidii ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo.

Tii! Ilikuwa ya asubuhi hii. Msusi akaisoma, rangi ikamtoka. "'Wamewahisha. Natia sahihi saa saba, siyo saa tisa. Kama una neno lolote, sasa ndiyo wakati wake.'"

Wote wakaitazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika ishirini.

"Mpigie!" Karani alipiga kelele. "Mpigie, unangoja nini?"

Msusi akapiga. Akaweka simu sikioni. Akaiondoa, akaitazama kana kwamba imemtukana.

"Hapatikani."

"Haiwezekani!"

"Simu yake ya namna gani?" Mwalimu aliuliza.

Msusi na Karani wakatazamana. Ilikuwa ya namna moja na ya Msusi. Walizinunua siku moja, duka moja, rangi moja, kwa sababu wapenzi wale walitaka kufanana kila kitu. Walifanana hadi ugonjwa. Kwa maana hiyo Fundi, mahali alipokuwa, alikuwa amewasha data na anachungulia.

"Basi mfuate huko huko aliko," alisema Mwalimu. "Washa data, mwandikie."

"Alisema nisimwandikie!"

"Una dakika kumi na nane!"

Msusi akawasha data. Kweli, kidoa cha kijani hiki hapa, Fundi yuko hewani. Msusi akainamia simu. Hakutaka maneno mengi, kwani maneno mengi ndiyo yaliyowafikisha hapa. Akaandika neno moja kwa herufi kubwa, akalituma.

NDIYO!

Tiki mbili. Zikageuka buluu. Kalisoma! Karani akamkumbatia Msusi, Shangazi akaangua vigelegele, Mwalimu akapiga makofi. Msusi alicheka huku machozi yanatoka.

Halafu akaangalia tena kioo cha simu, na kicheko kikakatika katikati.

Msomaji wangu, shika kiti. Juu ya lile neno lake kulikuwa na ujumbe wa Fundi uliopishana nalo kwa sekunde moja tu. Fundi alikuwa ameandika: "Sina haja ya mengi. Nijibu hili moja. Ni kweli umenifungia namba yangu kwa makusudi?"

Na chini yake: NDIYO!

"Mungu wangu," alinong'ona Shangazi.

Kidoa cha kijani kikazimika.

Msusi akaandika "siyo hivyo," akaandika "sikumaanisha," akaandika "nisikilize." Tiki moja, tiki moja, tiki moja. Akapiga simu. Safari hii iliita! Iliita mara mbili, na ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa kabla ya kuita vizuri. Mara ya tatu, hapatikani.

"Ofisi yao iko wapi?" Msusi aliuliza, na tayari alikuwa anavua aproni.

"Lile jengo la ghorofa tisa, nyuma ya kituo cha mafuta. Wao wako juu kabisa."

Hakungoja zaidi. Alitoka mbio, simu mkononi, suruali imelowa povu nyuma. Karani akamfuata na mkoba wake. Mwalimu naye akatoka na shuka la saluni shingoni na kitana kimechomekwa kichwani. Watu wa mtaani walipisha. Muuza magazeti aliuliza kuna moto wapi, Mwalimu akamwambia asome mwenyewe gazetini.

Saa saba kasoro dakika tano walifika kwenye jengo. Mbele ya lifti mlinzi ndiyo kwanza anatundika kibao: IMEKWAMA.

"Hata leo!" Karani aliguna.

Wakashika ngazi. Ghorofa ya pili walikuwa pamoja. Ghorofa ya nne Karani alikaa chini, akasema endeleeni, mimi nitawasikia kwa mbali. Ghorofa ya sita Msusi alisimama kuvuta pumzi, ameshika kiuno, na hapo ndipo aliposikia.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kuna mtu alikuwa anagonga chuma kwa ndani, nyuma ya mlango wa lifti.

"Kuna mtu?" Msusi aliita.

"Niko hapa," sauti ilijibu. "Kati ya ya sita na ya saba. Usiogope dada, mimi mwenyewe ni fundi. Nenda juu uwaambie nimekwama kwenye lifti, lakini waambie wasicheke."

Msusi aliijua sauti hiyo kuliko anavyoijua yake mwenyewe. Akaukumbatia mlango ule wa chuma, akaweka mdomo kwenye ufa.

"Ndiyo!" alisema.

Kugonga kukakoma.

"Nimeshaisoma ndiyo yako," sauti ilisema, na sasa ilikuwa baridi. "Nashukuru kwa ukweli. Hukuwa na haja ya kuja kuirudia."

"Siyo ile!"

"Kwani ziko ngapi?"

"Ile ilikuwa ya hii! Nimejibu swali lako la kwanza, la pili sikuwa nimelisoma! Sijakufungia, ni data! Nimekusubiri siku tatu nimewasha data nikuone, kumbe data ndiyo inakuzuia! Na wewe unafanya vilevile!"

"Data?"

"Muulize Mwalimu!"

"Ni kweli!" Mwalimu alithibitisha, akihema. "Mlango mmoja! Nitakuchorea baadaye!"

Kisha Fundi akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hungedhani inatoka kwa mtu mwenye mabega yale. "Kwa hiyo ile ndiyo ilikuwa ya nini?"

"Ya kuoana, mjinga wewe! Ndiyo, nitakuwa mke wako! Ulitaka kusikia kwa masikio, haya sikia! Ndiyo!"

Sasa shimo la lifti ni refu, na ni tupu, na halina mtandao wa kukatika. Ile "ndiyo" ilishuka hadi chini kwa mlinzi na ikapanda hadi juu kwa mameneja. Milango ikafunguka ghorofa zote. Watu wa bima wakachungulia, watu wa meno wakachungulia, na mgonjwa mmoja akatoka na pamba mdomoni ili asipitwe.

"Fundi!" Huyo alikuwa Meneja, anaita shimoni kutoka ghorofa ya tisa. "Mkataba uko hapa mezani! Ni saa saba! Unatia sahihi au hutii?"

Msusi akafumba macho.

"Sitii!" Fundi alinguruma kutoka ndani ya chuma chake. "Mpe anayetaka kusafiri! Mimi naoa!"

Makofi yalianza ghorofa ya pili yakapanda. Kutoka ngazi za ghorofa ya nne ikasikika sauti ya Karani, analia na kugombana kwa pamoja.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi kabla hajawa na meza, na moyo wa fundi hauzeeki haraka. Alipanda chumba cha mitambo, akavua koti, akazungusha gurudumu kwa mikono huku Fundi anamwelekeza kwa kelele. Lifti ikashuka kidogokidogo, ikakaa sawa, mlango ukasukumwa. Fundi akatoka na vumbi masikioni, akamnyanyua Msusi juu mbele ya watu wa bima.

Ghorofa nzima ikacheka. Karani, aliyekuwa amefika akijivuta kwa mkono wa ngazi, akamshika Msusi mashavu yote mawili. "Wifi yangu," alisema. "Nisamehe kwa ule mkoba."

"Hukunipata, wifi."

"Ndiyo maana naomba samahani."

"Hebu nipe hiyo simu," Fundi alisema, uso wote meno. "Kuanzia leo hakuna mtu ataambiwa mke wangu hapatikani." Akaichukua, akaizima data mbele ya wote, kwa mbwembwe, kama mtu anayezindua daraja.

Tii!

"Eh! Kumbe kuna moja ilibaki nje," alisema. "Imetumwa Jumatano. Ni ya mama yako! Nisome?"

"Soma!" ghorofa ikaitikia.

Msusi alikuwa anacheka. Hakuona sababu ya kumzuia. Fundi akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ya mtangazaji.

"'Mwanangu, nakupigia kutwa nzima hupatikani. Yule bwana mwenye kiwanda cha mbao ameleta posa, na anataka jibu upesi. Nilisema nikuulize, lakini nakufahamu, ungekuwa hutaki ungeshapiga kelele. Kimya chako nimekihesabu kuwa ndiyo. Nimeshamwambia...'"

Sauti ya mtangazaji ikaanza kupungua.

"'...nimeshamwambia umekubali. Jumamosi saa saba na nusu tunakuja naye hapo saluni kwa shangazi yako. Vaa lile gauni la bluu.'"

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mgonjwa wa meno akatoa pamba mdomoni. Mwalimu akaitazama saa yake, akaifunika kwa shuka la saluni, lakini Msusi alikuwa ameshaiona. Saa saba na nusu kamili.

"Mimi sijui lolote," Msusi alisema. "Wallahi sijui lolote!"

Simu ikaanza kuita mkononi mwa Fundi. Mlango sasa ulikuwa wazi, na iliingia bila kusita. Jina likatokea: Shangazi.

Fundi alimtazama Msusi, akaitazama simu, akaipokea yeye.

Haikuwa sauti ya Shangazi. Ilikuwa sauti nzito ya mwanamume, imejaa furaha, na kila mtu kwenye ngazi aliisikia.

"Haloo, mchumba! Sisi tumeshafika."